Gari Ni Moja: Kumbukumbu za Mazoea ya Nyumbani, Kangemi hadi Kileleshwa

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka, iliyotiwa saini nchini Kenya mwezi Julai 2022, inamtaka kila anayezalisha taka, awe mwenye nyumba, mpangaji, hoteli au ofisi, azitenge taka zake katika mafungu mawili pale pale zinapotoka: zile zinazooza, kama maganda ya viazi na mabaki ya chakula, na zile zisizooza, kama chupa, makopo na plastiki. Likisomwa karatasini agizo hili linaonekana jepesi, kwa kuwa halidai fedha nyingi wala elimu kubwa, linadai ndoo mbili badala ya moja. Hata hivyo, atakayepita asubuhi ya siku ya kuzoa taka katika mitaa ya ghorofa ya Kileleshwa, Kilimani au Lavington ataona kwamba mbele ya majengo mengi mfuko ni ule ule mmoja, mweusi, uliofungwa fundo, na ndani yake mna kila kitu. Matangazo ya kuwahimiza wapangaji wazoee kutenga yamebandikwa ndani ya lifti na kwenye vibanda vya mabawabu, nayo yote yamejengwa juu ya dhana moja, kwamba kinachokosekana ni nia ya mpangaji.

Dhana hiyo ndiyo iliyomrudisha mwandishi wa makala haya katika kumbukumbu zake, kwa sababu maisha aliyoyaanzia Kangemi, akayaendeleza katikati ya jiji na kuyafikisha Kileleshwa, yamepitia mazoea mengi ya aina hii, mengine yakashika na mengine yakafa, na ni machache mno kati yake yaliyozaliwa na nia. Kwa mazoea hapa linakusudiwa jambo ambalo mtu hulifanya bila kushauriana na nafsi yake, kwa kuwa mahali, saa au kifaa fulani kimemkumbusha. Na kwa maisha endelevu inakusudiwa namna ya kuishi isiyomaliza leo maji, misitu na udongo ambavyo watu wa kesho watavihitaji.

Kangemi ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa nusu shamba na nusu mji: nyumba za mabati zilikuwa zimeanza kujipanga kando ya barabara ya kwenda Nakuru, lakini nyuma yake bado kulikuwa na migomba, mahindi na mbuzi waliofungwa kamba. Katika nyumba ya wazazi wa mwandishi hakuna aliyewahi kuzungumzia mazingira, ila mambo yaliyofanyika humo kila siku ndiyo yanayofundishwa leo katika warsha za hotelini. Mama alikwenda sokoni na kiondo, yaani kikapu kilichosukwa kwa mkonge na kutiwa mikanda ya ngozi. Mwenye bucha alifunga nyama kwa gazeti la juzi. Maganda ya viazi na ndizi yalikwenda kwa mbuzi, majivu yakanyunyizwa chooni, na pakiti tupu za maziwa zikajazwa udongo kuwa vitalu vya miche ya mipapai. Soda ilinywewa siku ya Krismasi au alipokuja mgeni wa heshima, na mtoto aliyetumwa kuinunua aliondoka nyumbani na chupa tupu mkononi, kwa kuwa mwenye duka hakutoa chupa iliyojaa ila kwa kubadilishana na tupu, au kwa kuwekewa amana, ambayo ni fedha ya dhamana inayorudishwa chupa ikirudi. Chupa hiyo ilikwenda kiwandani ikaoshwa na kujazwa tena na tena, hata tumbo lake likapauka kwa kukwaruzana na nyingine kretini.

Mtoto aliyeokota chupa shambani aliikimbiza dukani, si kwa kulihurumia shamba, bali kwa sababu chupa ile ilikuwa ni peremende. Chupa ya plastiki ilipoingia miaka mingi baadaye bila amana, watu wale wale, pamoja na watoto wao, waliitupa mtaroni, na wahubiri wa usafi wakaanza kusema kwamba Wakenya wameharibika tabia. Tabia haikuwa imeharibika hata kidogo. Kilichoondoka ni ile shilingi iliyokuwa ikiingojea chupa dukani.

Jiko nalo lina somo lake. Katika miaka hiyo hiyo ya 1980 mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo na Gikomba walianza kutengeneza jiko jipya la makaa, ambalo wazo lake lilitokana na jiko la ndoo la Thailand, kisha likarekebishwa nchini na wataalamu, akiwamo Mkenya Maxwell Kinyanjui. Lilikuwa na ganda la bati lenye kiuno chembamba, na sehemu ya juu, ndani, ilikuwa imekandikwa udongo uliochomwa, ambao huzuia joto lisitorokee pembeni, hivyo makaa yanayohitajika yakapungua kwa asilimia 30 hadi 50 kuliko yale ya jiko la bati tupu. Mama wa mwandishi alilinunua baada ya kuliona kwa jirani, akaliwasha kwa makaa yale yale, akaliinjikia sufuria ile ile ya githeri, mahali pale pale mlangoni. Tofauti ilikuwa katika gunia la makaa, ambalo lilianza kuchelewa kuisha. Hakuna aliyemwomba mpishi abadili chochote. Waliolibuni waligusa kazi ya fundi wakaiacha kazi ya mama kama ilivyo, na kwa maoni ya mwandishi hiyo ndiyo sababu kubwa ya jiko hilo kuenea Afrika Mashariki nzima, ilhali vifaa vingi vya hisani vilivyogawiwa vijijini, kama majiko ya jua, viliishia kuwa viota vya kuku.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 mwandishi alipata kazi ya ukarani katika ofisi moja karibu na Mtaa wa Tom Mboya, na mshahara wake haukuweza kubeba nauli ya asubuhi na jioni mpaka mwisho wa mwezi. Alitembea, kama walivyotembea maelfu: kutoka Kangemi kwa njia ya Waiyaki Way hadi Westlands, kisha kuteremka Chiromo, kuvuka mto Nairobi na kuingia mjini kupitia mzunguko wa Globe. Hadi leo inakadiriwa kwamba safari nne hivi katika kila kumi jijini Nairobi hufanywa kwa miguu, na wanaozifanya, wengi wao vibarua wa viwandani, wajenzi na wafanyakazi wa nyumbani, ndio wanaochafua hewa ya jiji kwa kiasi kidogo kabisa, ingawa hakuna mkutano wa mazingira unaowapa cheti. Mwandishi naye alipopanda cheo alipanda matatu mwezi ule ule. Wema ulioletwa na ufukara huondoka na ufukara wenyewe, isipokuwa pale ambapo jambo lenyewe lina raha yake, na katika njia ile raha ilikuwa mahali pamoja: chini ya mti mkubwa wa mugumo wa Westlands, ambapo watembeaji walisimama kupumua na kununua njugu.

Mugumo huo ulirudi katika habari mwaka 2020, wakati barabara ya juu ya kulipia ilipokuwa ikijengwa na ukawa umepangiwa kuondolewa. Wanaharakati walilalamika, na mwezi Novemba mwaka huo Rais Uhuru Kenyatta akatoa tamko la kuuhifadhi. Barabara yenyewe, yenye urefu wa kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa mwaka 2022. Mti ulinusurika, ila miti mingi mingine iliyopamba njia hiyo ilikatwa, na pamoja nayo kikaondoka kivuli cha watu wasiolipia barabara. Mkazi wa Westlands anayelaumiwa kwa kupanda teksi kwenda mjini, umbali wa kilomita tatu au nne, aonyeshwe kwanza mahali pa kupita.

Mwaka 2000 ulileta funzo la aina nyingine. Ukame mkali ulikuwa umeyakausha mabwawa ya Mto Tana, ambayo wakati huo ndiyo yaliyokuwa tegemeo kuu la umeme wa nchi, na mgao wa umeme ukatangazwa; ofisi za katikati ya jiji zikavuma kwa jenereta na wapangaji wa vyumba vya Kangemi wakarudi kwenye taa za mafuta. Katika miezi hiyo watu walijifunza mengi kwa haraka: kupiga pasi nguo za wiki nzima kwa mkupuo mmoja, kuzima balbu ya chumba kisicho na mtu, kutazama taarifa ya habari kwa jirani mmoja. Mvua iliponyesha na mgao ukaondolewa, mazoea hayo yalitoweka kimya kimya, na balbu ya ukumbini ikarudi kuwaka hadi alfajiri. Uhaba ulikuwa umefundisha vizuri, lakini haukukaa.

Mkanda wa kiti cha matatu ulipita njia hiyo hiyo. Waziri John Michuki, ambaye kanuni zake za uchukuzi zilianza kutumika Februari 2004, aliwafanya abiria wote wafunge mkanda, na kwa muda fulani mtu aliingia garini na kuutafuta kwa mkono hata kabla ya kuketi. Lakini mazoea yale yalikuwa yameshikiliwa na polisi wa kizuizini, si na mkanda wenyewe, ambao punde si punde ulikuwa mchafu, umekatika au umefungwa fundo, na polisi alipotazama pembeni yakafa. Inafaa kuongezwa, kwa haki yake, kwamba Michuki huyo huyo alipohamishiwa Wizara ya Mazingira alisafisha sehemu ya mto Nairobi karibu na mzunguko wa Globe, ambayo sasa ni bustani yenye jina lake, na humo watu hupumzika hadi leo kwa kuwa kuna miti, njia na mahali pa kuketi.

Mwandishi alihamia Kileleshwa katika miaka ambayo nyumba za zamani zenye bustani zilikuwa zikibomolewa kupisha ghorofa. Nyumba mpya ilikuwa na kila kitu ambacho Kangemi haikuwa nacho: jiko la gesi, bomba la maji moto, lifti, na katika kila sakafu chumba kidogo ambamo mpangaji aliweka mfuko wa taka usiku, akakuta umeondolewa asubuhi. Hakukuwa na mbuzi wa kula maganda, wala udongo wa kuyafukia, wala duka la jirani la kurudishia chupa, na kamba za kuanikia nguo zilikatazwa kwenye baraza kwa kuwa ziliharibu sura ya jengo. Mambo yote ambayo familia ilikuwa imeyafanya kwa miaka 20 bila kufikiri yalikoma ndani ya wiki chache, na hakuna mtu wa nyumba ile aliyekuwa ameamua kuyaacha. Taka zilipelekwa kwingine, na huko kwingine kwa sehemu kubwa ni Dandora, upande wa pili wa jiji, kwenye jaa lililofunguliwa katika miaka ya 1970 na kutangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, ambalo bado linapokea malori kila siku. Moshi wake hauvuki kuja Kileleshwa. Hapa ndipo mwandishi alipoanza kushuku kwamba yale yanayoitwa mazoea mapya, na ambayo watu wa tabaka la kati hufundishwa kwa vijitabu vyenye picha nzuri, ni ya zamani yaliyonyang'anywa na ramani ya nyumba.

Nguvu ya mazoea huonekana hata mazikoni. Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani mwaka 1977, alifariki Septemba 2011, na waombolezaji waliokusanyika Uhuru Park, bustani ile ile aliyoitetea mwaka 1989 isijengwe jumba la ghorofa 60, waliona jeneza lisilo la mbao: lilikuwa limetengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugumaji, kama alivyotaka mwenyewe. Majivu yake yalizikwa Kabete, kilomita chache kutoka Kangemi, katika taasisi ya Chuo Kikuu cha Nairobi yenye jina lake. Wengi walilichukulia jeneza lile kama ishara. Kwa mwandishi lilikuwa zaidi jambo la kawaida la mtu ambaye, baada ya miaka mingi ya kupanda miti, asingeweza kuagiza mti ukatwe kwa ajili yake, hata ule wa mwisho. Na kinachostahili kuangaliwa ni kwamba ilibidi awaachie wengine wosia, kwa kuwa fundi wa majeneza, akiachwa mwenyewe, huchonga mbao.

Mwaka 2017 ulibeba mafunzo mawili kwa mpigo. La kwanza lilikuwa la maji. Bwawa la Ndakaini huko Murang'a, ambalo likijaa hubeba mita za ujazo milioni 70 na ndilo linalolipatia jiji sehemu kubwa mno ya maji yake, lilikuwa limeshuka vibaya kwa ukosefu wa mvua, na tangu Januari mitaa ikawekwa katika ratiba ya mgao, kila mmoja na siku zake. Jikoni kwa mwandishi palionekana pipa la bluu na mitungi ya lita 20, na pamoja navyo utaratibu ambao mfanyakazi wa nyumbani, mwanamke wa makamo aliyelelewa mahali pa visima, aliuweka bila kumwomba mtu ruhusa: maji ya kusuuzia sukuma wiki yalimwagiwa mimea ya barazani, maji ya suuzo la mwisho la nguo yalitumika kupiga deki sakafu, na yale yaliyobaki kwenye deki yalikwenda chooni kwa ndoo, kwa kuwa tangi la choo la kizamani humeza lita tisa hivi kila likivutwa. Siku ya maji ilijulikana kabla ya jua kuchomoza, mfereji ulipoanza kukohoa hewa, na nyumba nzima ikaamka kukinga.

Tofauti na ule wa umeme, utaratibu huu haukufa, na sababu yake inastahili kutazamwa vizuri. Mgao wa maji haukuondoka moja kwa moja. Ulilegea na kurudi, ukalegea tena na kurudi, kiasi kwamba pipa halikupata nafasi ya kuondolewa jikoni. Pipa likiwapo, hutumiwa. Hata katika miezi ya mvua nyingi, kama Aprili 2024, mito ya Nairobi ilipofurika na kubomoa nyumba na kuua watu, ndoo ya maji ya mboga iliendelea kusimama pale pale chini ya beseni, na watoto waliokulia nyumba ile hawajui kwamba yako majiko yasiyo nayo. Dharura ya mara moja hupita na mafunzo yake, lakini ile inayorudi kila mara huacha vyombo nyuma yake, na vyombo ndivyo vinavyokumbusha.

Funzo la pili lilianza tarehe 28 Agosti mwaka huo. Serikali ilikuwa imejaribu mwaka 2007, na tena 2011, kuzuia mifuko myembamba ya plastiki kwa kuweka kipimo cha unene wake, na mara zote mbili viwanda viliendelea kama kawaida; safari hii waziri wa mazingira, Profesa Judi Wakhungu, alitangaza katika gazeti rasmi la serikali la Februari 2017 kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, ya unene wowote, ni marufuku kutengenezwa, kuingizwa na kutumiwa, na adhabu ni faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka minne. Hadi wakati huo Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilikadiria kuwa supamaketi za Kenya pekee zilikuwa zikigawa mifuko ipatayo milioni 100 kwa mwaka. Katika wiki ya kwanza watu walitoka supamaketi za mjini wamekumbatia mikate na unga kifuani, wakichekana. Mama mboga wa kona ya mtaa, ambaye kazi yake kubwa ni kukatakata sukuma wiki nyembamba kama nyuzi huku mteja akisubiri, alimaliza kukata, akatazama lundo la kijani kibichi juu ya ubao, akauliza: "Kastama, sasa nitakufungia na nini?" Siku hiyo alifungia kwa gazeti, kama yule mwenye bucha wa Kangemi, na wino ukaingia kwenye mboga. Wiki iliyofuata wateja walianza kuja na makopo ya plastiki yenye vifuniko, na wengine na mifuko ya mkate, ambayo haikukatazwa kwa kuwa ni vifungashio vya kiwandani.

Kilichowashinda wengi, hata waliokubaliana na marufuku kwa moyo wote, ni kukumbuka. Kikapu kilinunuliwa, kikabaki nyumbani, na mtu akajikuta kwenye foleni ya kulipia akinunua mfuko mwingine wa kitambaa, ukaongezeka kwenye lundo la mifuko ya kitambaa. Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha University College London, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, waliwafuatilia watu 96 waliochagua kila mmoja jambo dogo la kurudia kila siku mahali pale pale au saa ile ile, wakakuta kwamba ilichukua kwa wastani siku 66 jambo hilo kuwa la kawaida, ingawa tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa, kuanzia siku 18 hadi 254. Nyumbani kwa mwandishi kazi hiyo yote ilifanywa na msumari. Ulipigiliwa nyuma ya mlango, kiondo cha mama, kilichokuwa kimekaa kabatini kama pambo, kikatundikwa, na funguo za nyumba zikatundikwa juu yake, kiasi kwamba haikuwezekana kutoka bila kukigusa. Fundi aliyeupigilia aliona ajabu kuitiwa kazi ya msumari mmoja, lakini alilipwa.

Marufuku yale yana dosari zake, na si haki kuyasifu kupita kiasi. Zanzibar ilikuwa imetangulia kwa miaka zaidi ya kumi na Rwanda kwa karibu muda huo huo, Tanzania Bara ikafuata Juni 2019, na katika nchi hizi zote mifuko myembamba imekuwa ikipenyezwa mipakani. Nairobi leo anayeitafuta kwa kunong'ona huipata. Hata hivyo miti ya kando ya Ngong Road haijapeperusha tena mifuko matawini kama zamani, na tofauti yake na mkanda wa matatu ni kwamba sheria hii haikumsimamia mtumiaji peke yake, ilimshika pia mtengenezaji, mfuko ukaondoka mkononi mwa muuzaji kabla ya mnunuzi kuombwa awe na nia njema.

Kwa hiyo sheria ya 2022 ilipokuja, na jengo la Kileleshwa likaleta ndoo mbili kwa kila sakafu, ya kijani kwa taka zinazooza na ya bluu kwa zilizobaki, wapangaji walijitahidi kuliko ilivyotazamiwa. Katika mkutano wao mwalimu mmoja mstaafu alijitolea kuwaelekeza watoto, na mwanzoni ndoo ya kijani ilikuwa safi kiasi cha kuonewa fahari. Kisha asubuhi moja, mwandishi alipokuwa akiteremka mapema, alimkuta kijana wa kampuni ya uzoaji akimimina ndoo zote mbili ndani ya gunia moja. Alipoulizwa, hakuona haya wala hakukasirika, aliinua gunia begani na kujibu kwa upole, "Mzee, gari ni moja." Habari hiyo ilifika sakafu zote kabla ya jioni, na katika majuma yaliyofuata ndoo ya kijani ilianza kupokea makopo.

Yule kijana alikuwa ameeleza kwa maneno matatu jambo ambalo matangazo ya lifti hayajaligusa. Kutenga taka si mazoea ya nyumbani tu, ni nusu ya kazi ambayo nusu yake ya pili iko barabarani, na nusu ya kwanza haiwezi kudumu bila ya pili, kwa kuwa hakuna binadamu anayeendelea kwa muda mrefu kupanga kitu ambacho anajua kitavurugwa mlangoni. Waziri anaweza kuagiza, jengo linaweza kununua ndoo, mpangaji anaweza kunuia. Chupa ya Kangemi ilirudi dukani kwa sababu dukani kulikuwa na mtu aliyeitaka.

Ndoo ya kijani ya jengo lile iliokolewa na nguruwe. Mke wa bawabu alikuwa na jamaa anayefuga upande wa Dagoretti, ambaye bei ya chakula cha mifugo ilikuwa imemwelemea, naye akakubali kuja na pikipiki yenye kreti kuchukua maganda, mradi yasiwe na plastiki ndani. Sharti hilo ndilo lililofanya kazi ambayo mkutano ulishindwa kuifanya. Alikuta mara moja kifuniko cha dawa ya meno katikati ya maganda ya maembe, akakirudisha kwa bawabu kikiwa kimefungwa kwa karatasi, na tangu hapo ndoo ya kijani hutazamwa kabla ya kufunikwa. Mahali pengine jijini kazi hiyo hiyo inafanywa na mabuu ya nzi askari mweusi, mdudu asiyeuma wala kuenezea watu maradhi, ambaye mabuu yake hula taka za jikoni na kunenepa, kisha yakawa chakula cha kuku na samaki. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, kilichoko Kasarani, kimeufanyia ufugaji huo utafiti wa miaka mingi. Ndoo ya bluu bado haina mwenyewe. Kanuni za mwaka 2024 za wajibu wa mzalishaji, yaani zile zinazomtaka anayeingiza bidhaa sokoni agharimie kukusanya vifungashio vyake baada ya kutumiwa, zikitekelezwa kweli, zinaweza kuirudishia chupa ya plastiki ile shilingi iliyoikosa tangu mwanzo.

Taka zinazooza ndizo nyingi zaidi katika taka za Nairobi, kwa makadirio mengi zaidi ya nusu, nazo ndizo zinazolowesha na kuchafua karatasi na plastiki ambazo zingeuzwa zikiwa kavu, kwa hiyo atakayeanza na aanze nazo. Lakini kabla ya wenye majengo ya magharibi mwa jiji kubandika tangazo jingine, na kabla ya kaunti kumfikisha mpangaji mahakamani, lipo swali ambalo kila kamati ya wapangaji inapaswa kumuuliza mzoaji taka wake wakati wa kutia saini mkataba, nalo liandikwe mkatabani pamoja na jibu lake: magari ni mangapi, na la pili linakwenda wapi?